UZI: Kusuka riwaya ya taharuki kuhusu akina mama marafiki, Malindi na Lamu

KalamuYaMuyeye

Hadithi za akina mama marafiki zimejaa mitandaoni, na nyingi hukata pumzi sura ya sita au ya saba. Wanawake wanne, mtaa mmoja wenye mageti, mmoja ana siri, mmoja anakutwa amekufa. Ukitafuta mahali zinapovunjikia, mara nyingi ni kwenye siri yenyewe: mume ana hawara, mtoto si wa babake, picha za aibu ndani ya simu. Hizo msomaji wa Malindi ameshazisikia saluni, tena pamoja na majina.

Siri inayoweza kubeba sura arobaini huku kwetu haifichwi na mtu mwovu. Hufichwa na rafiki mwema, kwa jina la sitara. Kumsitiri mwenzako ni thawabu, hakuna atakayekulaumu kwa kunyamaza. Ila kila mwaka unaopita, kile kimya kinageuka deni, na aliyesitiriwa hajui kama anadaiwa. Hapo ndipo taharuki inapokaa. Msomaji asiulize "siri ni nini?" Aulize: je, bado anakumbuka? Anahesabu? Leo alipochelewa kujibu salamu, alikuwa na lake?

Mfano wa uzi mzima ni huu, nauweka mezani tuuchambue.

Malindi, Barani, mwaka 2003. Mama Nasra anajifungua, anapatwa na kifafa cha mimba, analala hospitali siku tatu hajitambui. Jirani yake, Mama Feisal, ana mtoto wa miezi minne kifuani. Anamchukua Nasra na kumnyonyesha. Mama mkwe wa Mama Nasra anakula kiapo na kuwalisha wengine kiapo kwamba jambo hili lisitoke, kwa sababu koo hizo mbili zina ugomvi wa shamba, na hataki damu yake ihesabiwe imelelewa na "wale". Chumbani walikuwa wanawake wanne: mama mkwe, Mama Feisal, mkunga, na jirani mmoja, Bi Zena. Mama Nasra anaamka, anapewa mtoto wake, anaambiwa alikunywa maziwa ya kopo.

Mwaka 2025 Feisal anapeleka posa kwa akina Nasra. Wale wamama wawili ni marafiki wa chanda na pete kwa miaka 22. Mmoja anajua kwamba watoto hawa ni ndugu wa kunyonya, na katika Uislamu ndugu wa kunyonya hawaoani. Mwenzake anachagua rangi ya sare za harusi.

SabakiMto

Hapo umenikamata. Lakini kwa nini asiseme tu siku ya posa? Msomaji wa kwanza kabisa atauliza hilo.

KalamuYaMuyeye

Ndiyo, na usipolijibu kabla hajauliza, riwaya imekufa. Mhusika anyimwe milango mitatu, na ifungwe kwa zamu, si kwa mpigo. Wa kwanza ni kiapo kwa marehemu mama mkwe; huo ni mlango mwepesi, unaweza kuuvunja sura ya kumi na mbili kwa kumpeleka kwa shekhe akaambiwa kiapo cha kuficha haramu hakimfungi. Msomaji anapumua, anadhani sasa atasema. Wa pili ni kimya chenyewe. Miaka 22 amekuwa akimwita Mama Nasra "mwenzangu", akila naye, akimzika naye mama mkwe yule yule, na hakusema. Akisema leo, anakiri kila siku moja moja. Wa tatu ni Feisal: babake alipoumwa, karo yake ya chuo ililipwa na mumewe Mama Nasra. Sasa siri na fadhila ziko mfuko mmoja, na ukitoa kimoja kingine kinatoka.

Mlango wa tatu uwe wa pesa au wa mtoto. Mlango wa aibu peke yake msomaji humwambia mhusika "jikaze useme".

Faqihi_wa_Barazani

Mfano mzuri, ila ukiandika mambo ya kunyonya andika sawasawa, maana wasomaji wako wamesoma chuoni, yaani madrasa, na watakukamata.

Pwani wengi ni madhehebu ya Shafi. Humo kunyonya kunakojenga undugu ni mara tano zilizo mbali mbali, na mtoto awe hajatimiza miaka miwili ya mwezi mwandamo. Mara moja ni pale mtoto anapoacha mwenyewe akashiba. Akihamishwa ziwa la kulia kwenda la kushoto la mama yule yule, bado ni mara moja. Waandishi huogopa hizo mara tano, wanaandika "alimnyonyesha miezi sita" ili kujihami. Hakuna haja. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku. Akianza alfajiri, tano zinatimia kabla ya Magharibi. Siku tatu zako zinatosha na kubaki, na ufupi wake ndio unaofanya siri iwezekane.

Kosa la pili, na hili ni kubwa: nani anaharamika kwa nani. Nasra aliyenyonya amekuwa mtoto wa Mama Feisal na wa mumewe, na ni ndugu wa watoto wote wa Mama Feisal, waliotangulia na watakaofuata. Lakini ndugu zake Nasra ambao hawakunyonya pale hawahusiki. Nimeona hadithi ambayo ukoo mzima unakatazwa kuoana kwa sababu ya mtoto mmoja. Hapana.

Tatu, ushahidi. Kunyonya huthibiti kwa wanaume wawili, au mwanamume na wanawake wawili, au wanawake wane peke yao. Na huyo aliyenyonyesha anaweza kuhesabiwa miongoni mwao, mradi hadai ujira. Angalia ulichokifanya bila kujua: wanawake wane chumbani, mmoja amefariki. Wamebaki watatu.

KalamuYaMuyeye

Kwa kujua, shekhe.

BintiMkomani

Basi kiini cha riwaya si kwamba Mama Feisal atasema au hatasema. Ni nani shahidi wa nne. Mtu wa tano aliyekuwa mlangoni, aliyechungulia, ambaye hakuna aliyemhesabu. Sasa una kitu cha kutafuta, na Mama Feisal hajui amtafute ili amnyamazishe au ili amshukuru.

Faqihi_wa_Barazani

Sawa. Ila ongezea kwamba hata ushahidi usipotimia, kuna kujiepusha kwa uchamungu. Mtu akiambiwa na mwanamke mmoja mwaminifu, kadhi anaweza asiwe na cha kuhukumu, lakini bwana harusi hatalala usingizi. Kwa riwaya, nadhani hilo ni bora kuliko hukumu.

MhaririWaPwani

Kabla hamjaenda mbali na kadhi, turudi kwenye ufundi. Chukua daftari. Chora jedwali: safu za wima ni wahusika, mistari ya ulalo ni sura. Kila kisanduku kiwe na neno moja kati ya manne: hajui, anashuku, anajua, anajuliwa. Hilo la nne maana yake anajua, na yuko mwingine anayejua kwamba yeye anajua. Kila sura lazima ibadilishe angalau kisanduku kimoja. Sura isiyobadilisha chochote, hata iwe na maelezo matamu ya biriani na mapambo ya piko, inatoka.

Makosa mengi ya riwaya hizi yanaonekana papo hapo kwenye jedwali. Mwandishi anaruka kutoka "hajui" hadi "anajua" kwa mlango uliosahauliwa wazi na sauti iliyosikika. Hiyo ni sadfa, na sadfa msomaji anakusamehe moja tu, tena iwe inamuumiza mhusika, isimwokoe. Pitisha kila mtu kwenye "anashuku" kwa sura tatu au nne. Kushuku ndiko kunakouza.

Na msomaji mwenyewe mpe safu yake humo. Kwa sura arobaini, ningemwambia siri sura ya nane au ya tisa. Waandishi wanaona uchungu kuitoa mapema, wanaishika mpaka mwisho. Matokeo ni sura thelathini za watu wanaokunja uso bila sababu. Msomaji akishajua, kila kikombe cha chai baina ya wamama wale wawili kinakuwa na sumu, na huhitaji kuandika neno la ziada.

SabakiMto

Dokezo la kabla ya sura ya tisa unaliweka wapi ili lisipige kelele?

Faqihi_wa_Barazani

Niruhusuni nilijibu mimi. Mama Feisal mchore mkali wa mavazi. Wasichana wa mtaa mzima wanajua: ukiingia kwake hujajitanda na Feisal yuko, unarudishwa mlangoni. Kisha siku moja Nasra anaingia ushungi uko mabegani, Feisal amekaa pale, na Mama Feisal anaendelea kuchambua mchele. Hasemi kitu. Msomaji atafikiri anawataka waoane. Kumbe kwake yeye hapana wa kujisitiri hapo.

La pili ni kali zaidi. Kwa Shafi, ngozi ya mwanamume ikigusana na ya mwanamke asiye maharimu wake (ndugu asiyeweza kumwoa), udhu umetenguka. Maharimu hautengui, hata maharimu wa kunyonya. Basi Baba Feisal ametia udhu, anasubiri adhana. Nasra anampa kikombe, vidole vinagusana. Adhana inalia. Anaweka kikombe, anavaa viatu, anakwenda msikitini moja kwa moja. Hapiti bombani. Hapo msomaji makini ameshajua kwamba na mzee anajua, kabla mkewe hajajua kwamba mumewe anajua.

BintiMkomani

Subhanallah. Hiyo ya udhu weka sura ya nne, usiifafanue mpaka ya thelathini.

MhaririWaPwani

Na uizungushie vitu viwili visivyo na maana: paka akipita, redio ikikoroma. Kitu cha hatari kikae katikati ya vitatu, kisianze wala kisimalize aya.

KalamuYaMuyeye

Tuje kwenye sauti. Nani asimulie?

MhaririWaPwani

Sauti mbili, si nne. Wanne wakisimulia kwa nafsi ya kwanza, wote huishia kusema kama mwandishi, na mbaya zaidi utalazimika kuwafichisha wote. Mama Feisal asimulie kwa "mimi". Mama Nasra asimuliwe kwa "yeye", karibu sana, bila kuingia kwa wengine.

BintiMkomani

Sikubali. Mama Feisal akiwa "mimi", atawezaje kunificha siri sura nane bila kunidanganya? Msomaji akigundua msimulizi alimdanganya waziwazi, anafunga kitabu.

MhaririWaPwani

Hadanganyi. Anasema kweli kwa maneno ambayo Pwani yamechakaa kwa kutumiwa. Sentensi yake ya kwanza kabisa inaweza kuwa: "Nasra ni mwanangu, nimemlea mimi." Hapa kila mama humwita mtoto wa jirani mwanangu, nani atashtuka? Ukirudi kuisoma mara ya pili, ni ungamo kamili. Ndiyo kipimo: msimulizi asiyeaminika, kila sentensi yake lazima isimame kweli kwa usomaji wa pili. Anachoruhusiwa ni kuruka. "Mama Nasra alilazwa Jumatatu, akarudi Alhamisi, tukapika uji." Zile siku tatu zimo ndani ya koma.

Kitenzi kimoja tu kinakatazwa kwake: kusahau. Akisema "nilikuwa nimesahau" na hakusahau, umevunja mkataba.

BintiMkomani

Hapo nimekuelewa. Na tukiwa kwenye lugha, tutumie silaha tuliyonayo. Kiswahili hakitofautishi mume na mke kwenye kitenzi. "Alinipigia usiku wa manane, akasema anajua." Msomaji atamweka mwanamume mwenyewe, bila msaada wako, na utamfuga huyo mtu sura ishirini. Kumbe ni mkunga.

Tatizo ni mitego midogo inayoharibu. Kuoa na kuolewa hutoboa siri mara moja. Sema "alifunga ndoa" au "ana familia". Epuka kaka, dada, bwana, bibi, mjomba, shangazi. "Mwenzangu", "mgeni", "yule wa simu", "mtu wa Lamu" ni salama. Hata sauti usiiite nzito wala nyororo, mpe kikohozi. Na majina ya mavazi nayo yakimbie: kanzu imebeba watu wengi shimoni. Kama huwezi kuandika ukurasa mzima bila kujikwaa, mfanye mtu huyo awe wa ujumbe wa maandishi.

Jingine: kauli ya kutendwa isiyo na mtendaji. "Niliambiwa nisiseme." Na nani? Kwa Kiswahili haihitaji kutajwa na sentensi haina kilema. Lakini ukiitumia mara tatu ukurasa mmoja, inanuka.

SabakiMto

Na neno "shoga"? Wahariri wa bara hulikata.

BintiMkomani

Baina ya wanawake wa Pwani ni neno la kawaida la rafiki, "shoga yangu" halina shaka. Msomaji wa bara atalisoma vingine. Liweke ndani ya mazungumzo ya wanawake wenyewe, usilitumie kwenye masimulizi wala kwenye jina la kitabu. Kwa masimulizi andika rafiki, mwandani, somo yangu kama wana jina moja.

Lakini kumbukeni, wamama hawa wengi hawaitani kwa majina. Ni Mama Nasra, Mama Feisal, Umi Rayyan. Unaweza kuishi na mtu miaka kumi hujui jina lake la kitambulisho. Hilo ni pengo la bure kabisa kwa mwandishi wa taharuki.

TaaYaKandili

Pengo hilo M-Pesa inaliziba. Ukituma pesa, ujumbe unarudi na jina lililosajili laini. Mama Feisal anatuma mchango kwa "Mama Rayyan" mgeni wa mtaa, na jina linalorudi ni la binti wa yule mkunga. Hakuna aliyechungulia mlango, hakuna sadfa, mtu katimiza wajibu wa chama na siri ikamjia mkononi.

Kwa vile nimeshaingia, haya mengine ya simu ambayo huandikwa ovyo:

Tarehe kwanza. M-Pesa ilianza Machi 2007, kwa hiyo mwaka 2003 hakuna risiti, hakuna ujumbe uliohifadhiwa. Nimesoma hadithi ambayo mtu alitumiwa hongo kwa M-Pesa mwaka 2004! Ushahidi wa zile siku tatu lazima uwe mwili, karatasi au kumbukumbu ya mtu. Na msimbo wa muamala unasema zaidi ya watu wanavyodhani: herufi ya kwanza hubadilika kwa mwaka, ya pili kwa mwezi. Inayoanza na S ni ya 2024, inayoanza na T ni ya 2025. Mtu akighushi risiti ya Machi na herufi ya pili si C, ameumbuka.

WhatsApp nayo ina mtego mzuri. Ukizima alama za bluu, kwenye mazungumzo ya watu wawili zinazimika kweli. Kwenye kundi hazizimiki, na ujumbe wa sauti ukisikilizwa, kipaza sauti hugeuka bluu hata kama umezima. Basi Mama Feisal, mwenye kujiamini kwamba hakuna anayejua anasoma nini, anasikiliza sauti ya Bi Zena saa nane ya usiku. Asubuhi anaapa simu ilikuwa imezima. Bi Zena hasemi neno. Ana ile bluu.

Usitumie simu kutatua, itumie kuziba njia. Mhusika mwenye chaji, mtandao na salio hana taharuki. Mwenye simu ambayo mume anajua nambari ya siri anayo tele.

MamaChama_Ngala

Hamjagusa mchezo, ule wa kuchangishana pesa kwa zamu, na hakuna kikundi cha wamama huku kisicho na mchezo. Wengi huweka kiasi kikubwa kupindukia ili ionekane mauaji yana sababu. Fanyeni hesabu ndogo. Wanawake 12, kila mmoja 3,000 kwa mwezi, mzunguko ni 36,000, unaisha mwaka. Aliyepokea mwezi wa pili akaacha kutoa kuanzia wa tano, amebakisha miezi minane, yaani 24,000. Hakuna atakayeua kwa 24,000. Lakini wanawake kumi na mmoja watahesabu kila mkoba mpya anaoununua, na huo ndio moto unaoutaka.

Jambo la ndani zaidi ni zamu. Mpangilio hupigwa kura au hupangwa na mweka hazina. Mwanamke akipewa zamu ya kwanza bila kuomba, kila mtu anajiuliza anamjua nini mweka hazina. Mfanye Mama Feisal ndiye mwenye daftari. Miaka yote Bi Zena amekuwa wa kwanza au wa pili. Hakuna aliyetamka neno hongo, na wala Bi Zena mwenyewe huenda hajui kwamba analipwa. Msomaji akilinganisha kurasa za daftari, anaona.

KalamuYaMuyeye

Mama Chama, hiyo ya "huenda hajui kwamba analipwa" ndiyo riwaya nzima.

BintiMkomani

Na leso. Watu hudhani leso ni pambo la mandhari. Ina pindo, mji na jina, na jina ndilo linalosema. Uzuri wake ni kwamba aliyeivaa anaweza kukana: nimeipenda rangi tu. Ukitaka vita baridi baina ya wamama wawili, hawahitaji kugombana. Mmoja anavaa "Kikulacho ki nguoni mwako" siku ya kupika pamoja, mwenzake wiki ijayo anajibu kwa yake. Watu wa nje hawaoni kitu.

Tahadhari: jina halithibitishi lolote, kwa sababu leso ile ile imeuzwa mji mzima. Kinachothibitisha ni hali ya doti. Leso huuzwa vipande viwili vikiwa vimeungana, unakata, unapinda. Doti ambayo haijakatwa, imekunjwa chini kabisa ya kabati, ni zawadi iliyopokelewa kwa mkono na kukataliwa kwa moyo. Mama Nasra akiikuta kwa rafikiye doti aliyompa miaka mitano nyuma, bado mzima mzima, hahitaji kuelezwa.

WikioLaJuu

Mnaizungumza Malindi tu. Kwa kuwa Bi Zena mmeshampa sauti, mhamishieni Amu, yaani Lamu mjini, mtaa wa Mkomani. Nyumba ya Amu imejengwa kwa ajili ya siri. Ukitoka kwenye njia kuna daka (kibaraza cha mlangoni), kisha tekani (ukumbi wa kuingilia) yenye kona ili mpitaji asione ndani, kisha kiwanda (ua) kilicho wazi juu, msana wa tini na msana wa yuu (kumbi ndefu mbili, ya chini na ya juu), ndani, na mwisho kabisa nyumba kati, ambako zamani watu walizaliwa na maiti kutayarishwa. Kila hatua ni ngazi ya ukaribu. Usiandike "alikaribishwa sebuleni". Andika amefika wapi. Mama Feisal akiachwa dakani, amekataliwa. Akifikishwa msanani, anasikilizwa. Akiitwa nyumba kati, ajue ataambiwa jambo ambalo hatalibeba kirahisi.

Vyumba ni virefu na vyembamba, kama mita mbili na nusu tu upana, maana boriti ya mkoko haifiki zaidi. Watu wawili waliokosana hawawezi kukwepana mle. Kuta za mawe ya matumbawe ni nene, sauti haipiti ukutani. Inapita kiwandani, inapanda juu. Kwa hiyo anayesikiliza siri za Amu hasimami mlangoni, anakaa darini.

Halafu liko wikio, chumba kilichopita juu ya njia kuunganisha nyumba mbili. Mwanamke anatoka nyumba hii hadi ile bila kushuka chini na bila kuonekana. Shahidi wako wa nne asiyehesabiwa anaweza kufika na kuondoka hivyo. Ila ni lazima uwe umempitisha msomaji wikioni mara moja mapema, kwa sababu isiyo na uzito, mfano kupeleka sahani ya mahamri.

Safari nayo: basi kutoka Malindi kupitia Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha boti. Njiani kuna vizuizi vya ukaguzi na vitambulisho vinatolewa. Mwanamke aliyemwambia mumewe anakwenda Mambrui kumtazama mgonjwa, jina lake kamili linasomwa mbele ya abiria.

SabakiMto

Nina wazo: mtu anaficha kwamba alizaliwa Amu, akikasirika anasema "mato" badala ya macho, anajulikana.

WikioLaJuu

Haitoshi. "Mato" na "kitwa" utavisikia kwa wazee wa Mvita (Mombasa) pia. Kinachomtoa mtu wa Amu ni ile j kuwa y: "kuya" kwa kuja, "moya", "yuu", "yua". Na asiteleze akiwa na hasira, hasira mtu huichunga. Ateleze akihesabu. Watu huhesabu kwa lugha ya mama. Anapima vikombe vya mchele kwa ajili ya shughuli, "moya, mbili", na anayeshika gunia ananyanyua macho.

NahodhaMstaafu

La bahari, fupi. Mkiweka mtu ufuoni usiku wa mwezi mpevu, maji yetu ya bamvua hujaa mnamo saa kumi, alasiri na alfajiri, na hupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku husogea kama dakika 50. Riwaya inayosema mwezi mpevu, maji yamekupwa saa kumi na moja jioni, wamama wanatembea mchangani, imeandikwa na mtu wa Nairobi.

MhaririWaPwani

Hahaha. Tumekubali nahodha.

Faqihi_wa_Barazani

Kuna eda pia. Mfishe mume wa Bi Zena katikati ya kitabu. Mjane hukaa miezi minne ya mwezi mwandamo na siku kumi, yaani takriban siku 128, si miezi mitatu kama waandishi wengi wanavyoandika; miezi mitatu ni hesabu nyingine ya talaka. Hatoki ila kwa dharura. Shahidi wako amefungika Amu, harusi imepangwa siku ya tisini. Wanawake wanaruhusiwa kuingia kwake, kwa hiyo anayesimama mlangoni kuwapokea wageni ndiye mwenye ufunguo wa riwaya. Kama mjane ni mjamzito, eda huisha akijifungua. Bi Zena wa umri huo hana shaka hiyo, lakini kwa mhusika kijana ni tundu ambalo usipoliziba litakuvujia.

SabakiMto

Mwisho je? Mbele ya kadhi? Mahakama ya Kadhi ipo Malindi na Lamu, na mambo ya ndoa ya Waislamu yako chini yake.

KalamuYaMuyeye

Ningeikwepa mahakama. Ukiingia humo unahitaji mawakili, tarehe, ushahidi, na wamama wako wawili wanageuka watazamaji wa kesi yao. Mwisho wangu uko jikoni kwa Mama Nasra, usiku wa kuamkia harusi, wakichambua mchele, na Mama Feisal anafungua kinywa. Mama Nasra anamkatiza: "Najua. Tangu mwaka wa kwanza. Nilikuwa nasubiri useme wewe." Kwenye jedwali lake la sura ya kwanza, kisanduku kiliandikwa "hajui". Mwandishi ndiye aliyedanganywa pamoja na msomaji. Kwa hilo kusimama, mama mkwe alipokuwa mahututi lazima awe alibaki naye peke yake usiku mmoja, na usiku huo uwe umetajwa.

MhaririWaPwani

Na hapo angekuwa tayari kuwaacha watoto waoane? Mama gani huyo?

KalamuYaMuyeye

Hakuwa tayari. Angeizuia kwa maradhi ya uongo asubuhi ile. Alitaka tu kuona rafiki yake atafika wapi. Kwa hiyo katika mwezi wa mwisho mpe dalili: hajalipia turubai, hajampa mpishi arubuni ya biriani, kila akiulizwa anasema kesho.

BintiMkomani

Faqihi, nirudie kanuni yako. Ndugu zake Nasra ambao hawakunyonya hawahusiki?

Faqihi_wa_Barazani

Hawahusiki.

BintiMkomani

Nasra akiwa na mdogo wake wa kike, amezaliwa 2005, Feisal ni halali yake.

KalamuYaMuyeye

Yumo. Anaitwa Rukia. Anaingia sura ya tatu akibeba sinia, na hapewi zaidi ya mistari miwili kwa sura mpaka ya thelathini na tano.